Marejea shambani Tanga: siku ya kuyapanda na siku ya kuyakata

Kabla ya kuwa mbolea, marejea ni ua la mbugani. Huota lenyewe kwenye nyanda za nyasi, kando ya njia za ng'ombe na kwenye mashamba yaliyolazwa, na hubaki kijani wakati nyasi za jirani zimeshageuka rangi ya makuti makavu. Jina lake la kitaalamu ni Crotalaria ochroleuca, na ni jamii moja na kunde. Hapa nchini sifa zake zilienezwa sana na watawa Wabenediktini wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliowahimiza wakulima kuyapanda kama mbolea ya kijani, yaani mmea unaokatwa na kuzikwa ardhini ili urutubishe udongo. Lakini Ruvuma mvua ni za msimu mmoja mrefu. Tanga tuna masika na vuli, mchanga mwingi na jua la kaskazi, kwa hiyo kalenda ya kule ukiileta Muheza au Pangani kama ilivyo itakuangusha. Mwongozo huu umefuata mwaka wa pwani, na pale inapobidi umetaja Handeni ambako mvua ni chache zaidi.

Wengi waliojaribu marejea wakayaacha hawakushindwa na ukame. Walichelewa kukata. Mmea ulikuwa mzuri, maua yakapendeza macho, wakasubiri wiki tatu zaidi ili uongezeke urefu, na walipoingia na panga wakakuta kuni. Basi kazi yote iliyoelezwa hapa chini inaelekea kwenye siku hiyo moja ya kukata.

Uhakikishe ni marejea yenyewe

Chukua jani ulitazame kwenye kiganja. Jani la marejea limegawanyika vipande vitatu vyembamba vinavyotoka kwenye kikonyo kimoja, mfano wa vidole vitatu vilivyotanuliwa. Ua ni la manjano iliyopauka, na petali kubwa ya juu ina mistari myembamba ya rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Maua hupangana kwenye shina la juu, ya chini yakitangulia kufunguka. Tumba lake, yaani ganda la mbegu, limevimba kama limepulizwa, na likikauka ukilitikisa mbegu hulia ndani kama njuga. Mmea mzima unaweza kuzidi urefu wa mtu kwenye ardhi nzuri.

Hili ni muhimu kwa sababu pwani yetu ina ndugu yake mwenye sumu, Crotalaria retusa, anayeota kwenye mchanga wa kandokando ya barabara na karibu na fukwe. Huyo ana maua ya manjano iliyokolea, yanayovutia kuliko marejea, na matumba yake pia hulia yakikauka. Tofauti iko kwenye jani: lake ni moja tu, halikugawanyika, pana kuelekea nchani, na ncha yenyewe ni butu au ina mbonyeo kidogo. Ukikuta jani moja badala ya vidole vitatu, usichume mbegu hapo. Sumu yake huharibu ini la mnyama polepole, na mara nyingi dalili huonekana wakati ini limeshaumia sana.

Hata marejea yenyewe yana kiasi kidogo cha sumu ya aina hiyo, ndiyo maana mbegu zake hazifai kupewa kuku, bata, nguruwe wala punda. Magharibi mwa Kenya majani machanga ya marejea ni mboga inayojulikana, Wajaluo huiita mitoo, na huchemshwa vizuri kabla ya kuliwa. Kwa hapa kwetu, ambako ndugu mwenye sumu ameota njia nzima, hatushauri mtu kuchuma mboga hiyo porini.

Yanafanya nini ardhini

Kwa ufupi, mizizi ya marejea hukaa na bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Ukikata mmea na kuuzika ukiwa mbichi, chakula hicho hubaki shambani kwako. Mzizi mkuu hushuka chini sana, na hiyo ndiyo siri ya kustahimili ukame: baada ya wiki tano au sita za kwanza, marejea hutafuta maji mahali ambapo mizizi ya mahindi haifiki.

Kuna faida nyingine mbili ambazo kwa Tanga tunaziona kubwa kuliko hata naitrojeni. Ya kwanza ni kiduha, lile gugu la maua madogo linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama kwenye mashamba ya mchanga yaliyochoka. Mizizi ya marejea huzishtua mbegu za kiduha zikaota, lakini kiduha hakiwezi kuishi juu ya marejea, kwa hiyo kinakufa kabla ya kutoa mbegu mpya. Wakulima wa mpunga wa nchi kavu kule Kyela wametumia mzunguko huu. Ya pili ni minyoo fundo, wale wasioonekana kwa macho wanaotia mizizi ya nyanya, bamia na bilinganya uvimbe kama shanga. Ukipanda marejea msimu mzima kabla ya nyanya, idadi yao hupungua kwa sababu hawazaliani vizuri kwenye mizizi yake. Msimu mmoja hauwamalizi. Usirudishe nyanya hapohapo miaka miwili mfululizo ukategemea marejea yakulinde.

Chagua dirisha lako

Pwani ya Tanga ina madirisha mawili ya kupanda, na kila moja lina tabia yake.

Dirisha la vuli ni kupanda Oktoba hadi katikati ya Novemba kwenye shamba ambalo halina zao. Marejea hukua na mvua za Novemba na Desemba, yanachanua Desemba au Januari kaskazi ikiwa imeshaanza kukausha, unayakata, yanalala juu ya ardhi Februari, na unayazika mwanzoni mwa Machi wiki mbili au tatu kabla ya kupanda mahindi ya masika. Hili ndilo tunalolipendekeza kwa mwenye shamba la mahindi Muheza na Mkinga. Kasoro yake ni kwamba vuli si ya kuaminika. Mvua inaweza kunyesha siku tatu kisha ikakata wiki mbili, na miche ya siku kumi haina mzizi wa kuvumilia. Usipande kwa mvua ya kwanza. Chimba kwa mkono: udongo uwe na unyevu hadi sentimita 15, karibu urefu wa kiganja pamoja na vidole. Na usimwage mbegu zote, weka robo pembeni ya kuziba mapengo.

Dirisha la masika ni kupanda marejea ndani ya mahindi. Mahindi yanatangulia, na baada ya wiki 3 hadi 4, wakati wa palizi, unapitisha mstari mmoja wa marejea katikati ya mistari ya mahindi. Ukipanda siku moja na mahindi, marejea yatayapita kimo na utalia wakati wa kuvuna. Ukichelewa kupita wiki ya tano, kivuli cha mahindi kitayadumaza. Yakipandwa kwa wakati hubaki madogo chini ya mahindi, na mahindi yanapokauka na kuvunwa Julai jua linayafikia; hapo mvua za mchoo, zile ndogo za baada ya masika, na unyevu uliobaki vinayasukuma hadi kuchanua. Kwa Handeni, ambako mchoo hauna nguvu, njia hii ina bahati nasibu zaidi na dirisha la vuli ni salama.

Kwenye bonde lenye mfinyanzi mweusi unaotuamisha maji, yaache kabisa. Marejea huvumilia kiu, hayavumilii miguu kulowa. Yakisimama kwenye maji siku chache huwa manjano na mizizi huoza. Kama huna shamba jingine, panda juu ya matuta.

Mbegu: kiasi na kipimo

Kwa ekari moja, ile ya hatua 70 kwa 70, hesabu ni hii:

- Kusia, yaani kumwaga mbegu: kilo 6 hadi 8.
- Kwa mistari ya sentimita 40 hadi 50: kilo 4 hadi 5.
- Ndani ya mahindi, mstari mmoja kila nafasi: kilo 3.
- Shamba la kuzalisha mbegu: kilo 1 inatosha.

Kusia kunakula mbegu nyingi kwa sababu nyingine hubaki juu na kuliwa na sisimizi na njiwa. Lakini kama shamba lako limejaa magugu, msongamano wa kusia ndio unaokusaidia kuyafunika. Mwenye mbegu chache apande kwa mistari.

Kabla ya kupeleka kilo 6 shambani, zipime. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke kwenye sahani kivulini, ukinyunyizie asubuhi na jioni. Siku ya tano fungua uhesabu. Zikiota 80 au zaidi, endelea na kiasi kilichotajwa. Zikiota 50 hadi 80, ongeza mbegu kwa nusu. Chini ya 50, tazama zile ambazo hazikuota: kama zimevimba na kunuka, ni mbegu zilizokufa, tafuta nyingine. Kama ni ngumu na zinang'aa vilevile kama ulivyoziweka, zi hai ila ganda limekataa maji. Dawa yake ni mchanga. Tia mbegu kwenye kiroba pamoja na mchanga mkavu wenye chembe, kiasi sawa kwa sawa, ukisugue juu ya sakafu kwa dakika tano hivi mpaka mng'ao wa mbegu ufifie. Kisha zipime upya. Usizipige kwa mchi, zitapasuka.

Kutayarisha na kupanda

1. Fyeka na kulima kwa jembe la mkono au trekta kama unavyolima kwa ajili ya ufuta: udongo laini juu, mabonge makubwa yamevunjwa. Mbegu ni ndogo, ikianguka katikati ya mabonge inapotea.

2. Ng'oa magugu ya ndago na motomoto kwa mizizi. Marejea yakishashika hufunika magugu vizuri, motomoto pia hupungua kwa kukosa jua, ila katika wiki tatu za mwanzo magugu ndiyo yenye nguvu.

3. Changanya sehemu 1 ya mbegu na sehemu 4 za mchanga mkavu. Mchanga unakusaidia kuona ulikopita na kuzuia mbegu zisitoke kwa mafungu.

4. Gawa mchanganyiko mara mbili. Nusu ya kwanza isie ukienda kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, nusu ya pili ukikatisha upande wa pili. Anayemwaga zote kwa mkupuo mmoja huishia na shamba lenye madoa, huku msitu na kule upara.

5. Funika kwa kuburuta tawi lenye majani juu ya shamba. Sentimita 1 hadi 2 za udongo zinatosha. Kwa mistari, chora kifereji kwa ncha ya fimbo, si kwa jembe. Jembe hushuka sentimita 5 na mche huchoka kabla ya kutoka.

Kwenye mchanga mweupe ambao haujawahi kulimwa kunde, choroko wala karanga, huenda bakteria wanaohitajika ni wachache. Chukua debe moja la udongo kutoka shamba la kunde lililostawi, uchimbe kwenye kina cha mizizi, uuchanganye na mbegu kivulini na upande siku hiyohiyo. Jua huwaua bakteria hao, kwa hiyo usiache mchanganyiko huo kwenye toroli mchana kutwa.

Kuhusu mbolea: marejea hayahitaji naitrojeni, na ukiyawekea yatazembea kutengeneza ya kwao. Yanachohitaji ni fosforasi. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa fosfeti ya Minjingu kwa ekari unafaa kwenye udongo wa tindikali, kama ule mwekundu wa kuelekea Amani na sehemu za Muheza. Kwenye ardhi yenye mawe ya matumbawe karibu na bahari, udongo una chokaa na fosfeti hiyo huyeyuka kwa shida sana. Pesa yako itakaa tu ardhini. Usipojua udongo wako uko upande gani, kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, hushughulika na udongo.

Wiki ya 3 na wiki ya 6

Mche wa marejea huanza kwa uvivu. Siku ya nne au ya tano unatoka, na kwa wiki mbili unaonekana haukui, kwa sababu unapeleka nguvu chini. Wengi hukata tamaa hapa wakalima upya. Subiri. Wiki ya tatu palilia mara moja, kwa uangalifu, ukiziba mapengo kwa ile robo ya mbegu uliyoiweka pembeni. Baada ya hapo majani hugusana na huhitaji palizi nyingine.

Wiki ya sita ng'oa mimea mitano kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Usiivute, chimba kwa jembe pembeni, uinue na udongo wake, kisha uoshe mizizi kwenye ndoo ya maji. Utaona vinundu vidogo vimeshikamana na mizizi, vingine kama punje ya mtama, vingine vimegawanyika kama kidole chenye matawi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kama nyama, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe, ni kichanga bado. Kikiwa cha kijani au kahawia na kimelegea, kimeshazeeka au kimekosa kitu, mara nyingi maji au fosforasi. Vivimbe vya minyoo fundo havichanganyiki na hivi ukitazama kwa makini: kinundu chema kimening'inia ubavuni mwa mzizi na hutoka ukikisukuma, lakini kivimbe cha minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, ukikivuta unakata mzizi.

Ukikosa kinundu hata kimoja kwenye mimea yote mitano, marejea yako yanakula naitrojeni ya shamba badala ya kuongeza. Bado yatakupa majani ya kufunika udongo, ila usiyahesabu kama mbolea, na msimu ujao anza na udongo wa shamba la kunde.

Siku ya kukata

Sasa tumefika. Kwa joto la pwani, marejea hufungua maua ya kwanza kati ya wiki ya 8 na ya 10. Tembea shambani asubuhi, hesabu mimea 20 ukipita kwa mshazari. Siku utakayokuta mimea 10 kati ya hiyo ina walau ua moja lililofunguka, siku hiyo au ndani ya siku tano zinazofuata ndiyo ya kukata.

Sababu ni hii. Mpaka kuanza kuchanua, naitrojeni nyingi iko kwenye majani na shina bado ni laini. Matumba yanapoanza kujaa, mmea unahamisha chakula kwenda kwenye mbegu, majani ya chini yanaanguka, na shina linakuwa mti. Ukizika shina la namna hiyo, vijidudu vya udongo vinavyolioza huhitaji naitrojeni kuliko iliyomo ndani yake, kwa hiyo vinaichukua ya udongo. Mahindi yako yatatoka manjano juu ya mbolea ya kijani, na utasema marejea hayafai. Kipimo cha haraka: kunja shina sentimita 30 kutoka chini. Likipinda na kuvunjika kwa unyevu, bado uko ndani ya wakati. Likilia "tak" na kuonyesha nyuzi kavu, umechelewa. Hapo chukua majani na ncha laini tu, mashina yapeleke jikoni.

Kata kwa panga kali au mundu, usawa wa ardhi. Ukiacha kisiki cha sentimita 30 kitachipua tena. Hilo ni jema ukitaka kukata mara ya pili, ila ni baya kama mahindi yanafuata. Katakata mashina vipande vya urefu wa kiganja.

Kama umekata Januari na mvua ni ya Machi, usizike. Udongo mkavu hauozeshi kitu. Laza majani kwa mistari inayokatisha mteremko na weka mashina juu yake, maana upepo wa kaskazi huyapeperusha majani yaliyokauka hadi kwa jirani. Kifuniko hicho kinapunguza jua kuunguza udongo. Mchwa watakula sehemu yake, hasa mashina.

Kama umekata wakati ardhi ina unyevu, geuza ndani siku hiyohiyo au kesho yake, kina cha sentimita 10 hadi 15. Usizidishe kina. Kisha ngoja wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda. Ukipanda mara moja, joto na ukungu wa majani yanayooza huua miche, na viwavi wakatao mashina huwa wamejaa humo. Ukingoja wiki sita au nane kwenye mchanga wetu, mvua ya masika itakuwa imeshaiosha naitrojeni kwenda chini kusikofikiwa na mizizi. Dirisha ni jembamba kweli, na mtu aliyepanga siku zake kwa kalenda ya ukutani hulipata. Anayengoja kuona hulikosa.

Ukitaka kujua umepata mbolea kiasi gani, tengeneza fremu ya fimbo nne, mita 1 kwa mita 1. Itupe sehemu tano za shamba, kata kilichomo, pima kwa mizani ya kuning'iniza, tafuta wastani. Tuseme umepata kilo 2 mbichi. Ekari ina mita za mraba kama 4,000, kwa hiyo una kilo 8,000 mbichi. Zikikauka hubaki kama robo au moja ya tano, kilo 1,600 hadi 2,000, na kila kilo 100 kavu za marejea yaliyokatwa kwa wakati zina naitrojeni ya kilo 2.5 hadi 3. Hiyo ni kilo 40 hadi 60. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo umezika thamani ya mifuko miwili hivi, ila zao la kwanza halitaipata yote. Panga bajeti yako kana kwamba umepata mmoja. Mahindi yakifika magotini na majani ya chini yakawa manjano kuanzia nchani kuingia katikati, ongeza nusu mfuko wa yurea bila kuona haya.

Kwenye mihogo na michungwa

Mihogo iliyopandwa mita 1 kwa mita 1 ina nafasi ya mstari mmoja wa marejea katikati, yapandwe mwezi mmoja baada ya mihogo kuchipua. Yakate yakifika kifuani hata kama hayajachanua, kwa sababu mhogo mchanga hauna subira na kivuli. Yalaze hapohapo kwenye shina la tuta.

Kwa michungwa ya Muheza, panda katikati ya mistari ya miti na uache duara la mita 2 kuzunguka kila mti. Mzizi wa marejea ni mnywaji. Yakiachwa yamesimama hadi Februari yatashindana na michungwa kwa maji wakati mbaya kabisa. Kata mwanzoni mwa Januari na uyatandaze chini ya mti, lakini sentimita 30 kutoka kwenye shina. Majani mabichi yakigusa gome huleta unyevu, na gome la mchungwa likikaa na unyevu huanza kuoza na kutoa gundi.

Wadudu

Kwa marejea ya kuzika, usinunue dawa. Vidukari na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, vitakuja, na mmea utakatwa kabla havijafanya kitu. Kwenye shamba la mbegu hali ni nyingine. Adui mkuu ni kiwavi wa nondo mdogo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi kwenye mbawa, utamwona akiruka mchana unapopita shambani. Kiwavi hutoboa tumba bichi na kula mbegu, na sumu ya marejea huihifadhi mwilini mwake, ndiyo maana ndege wanamkwepa. Usitegemee kuku. Pita kila baada ya siku tatu, chuma matumba yenye tundu uyachome moto. Kama ni lazima kunyunyiza dawa, ya mwarobaini inafaa, na iwe jioni jua likishatua.

Jioni, kwa sababu ya nyuki. Ua la marejea limefunga chavua yake ndani ya petali mbili zilizoungana mfano wa mashua yenye ncha. Nyuki mdogo mara nyingi anashindwa kuifungua. Wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa hutua juu yake, uzito wao unaisukuma mashua chini, na chavua inatoka nchani kama dawa ya meno kwenye tyubu na kuwapaka tumboni. Ukiwaua hao, utakuwa na maua mengi na matumba machache.

Kuhifadhi mbegu

Acha kipande cha hatua 10 kwa 10 upande wa shamba kwa ajili ya mbegu, mimea ipewe nafasi: sentimita 60 kati ya mistari na 20 kati ya mimea. Kata ncha mmea ukifika magotini ili utoe matawi mengi. Matumba hayakomai kwa pamoja, kwa hiyo vuna mara tatu au nne, ukichuma yale yaliyogeuka kahawia na kulia ukiyatikisa. Vuna asubuhi umande ukiwepo. Mchana matumba makavu hupasuka mkononi.

Anika juu ya turubai siku tatu au nne, usiku uingize ndani maana unyevu wa bahari hurudisha ulichokausha. Piga kwa fimbo, pepeta kwa ungo. Mbegu iliyokauka ukiiuma kwa jino haibonyei. Itie kwenye dumu kavu lenye kifuniko cha kubana, lijae hadi juu ili hewa isibaki, na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika: MBEGU ZA MAREJEA, SI CHAKULA, pamoja na mwezi na mwaka. Usiliweke karibu na ulezi wala mtama. Mbegu zinafanana vya kutosha kumdanganya mtu anayechota gizani.

Wiki ya mwisho ya Septemba toa mbegu 100 kwenye dumu hilo, uzikunje kwenye kitambaa kilicholowa, na uhesabu siku ya tano kabla vuli haijaanza.